Ngoma Isikae Katikati ya Shimo

Kwenye mlango wa stoo yetu ya vifaa pale Buzebazeba pameandikwa kwa rangi nyekundu: NGOMA ISIKAE KATIKATI YA SHIMO. Wageni wakisoma hudhani ni sharti la mganga. Juzi dada mmoja aliyekuja kutupiga picha alininong'oneza, "Mama, hapa kuna mizimu?" Nikamwambia ipo, ila leo imekwenda sokoni. Ninyi vijana wa kikundi mlicheka sana, halafu jioni mkaja mmoja mmoja kuniuliza sharti hili lilitoka wapi. Nimestaafu mwezi uliopita. Magoti yamenikataza ngazi, lakini kalamu haihitaji magoti, basi nitawaeleza. Lilitoka kwenye harusi moja ya Kidahwe iliyokaribia kuvunjika kwa ajili ya shimo langu. Kabla ya kufika Kidahwe, lazima niwaambie nilivyoingia ardhini kwanza.

Kuhusu vyeo sina la kusema. Katika kazi yetu anayefanya vizuri hapandi, anashuka. Mimi nimeshuka miaka thelathini na zaidi, na bado sijakutana na mtu aliyefurahia kushuka kama nilivyofurahia mimi.

Jina langu Nyandwi, kwa sababu nilizaliwa wa saba, na mtoto wa saba akichelewa kula hakuna anayegundua. Shule niliiacha darasa la tano. Nilitaka kujua maji ya mvua yakizama yanakwenda wapi. Mwalimu akasema yanakwenda chini. Nikauliza chini wapi. Akanitoa nje, na huko nje nikaona barabara inapita, nikaifuata. Nilianika dagaa Kagunga, nikauza mihogo ya kuchemsha kwa wapakizi wa bandarini, nikalala kwa shangazi, kwa rafiki, kwa rafiki wa shangazi. Mama alisema nina upepo kwenye nyayo. Miezi sita mahali pamoja nilikuwa sijapata kuimaliza.

Siku moja nilikuwa napita Ujiji na beseni la dagaa kichwani, nikasikia ardhi inakohoa. Nilisimama. Ikakohoa tena. Nyuma ya nyumba moja palikuwa na lundo la udongo mwekundu, ngazi ya miti, na shimo pana lenye giza. Nikainama kuchungulia.

"Usinimwagie dagaa!" sauti ikapanda kutoka chini.

"Shikamoo."

"Marahaba. Rudi nyuma hatua mbili, hapo uliposimama hapana nguvu."

Nikarudi nyuma. "Unachimba kisima?"

"Kisima unachimba kutafuta maji. Mimi nachimba pa kuyaweka ya mvua."

"Si ziwa hilo hapo? Maji yote yale!"

"Ziwa lina maji, halina miguu. Mwenye nyumba hii anayo miguu miwili na yote inamuuma."

"Sasa udongo hautayanywa hayo maji?"

"Ndiyo kazi yenyewe, kuuzuia usinywe."

"Unauzuiaje?"

Koleo likatupwa chini. Halafu akasema, "Binti, shuka. Majibu yote yako huku, na mimi nimechoka kupiga kelele."

Nikatua beseni, nikashuka. Dagaa wale waliliwa na paka wa mtaa mzima na sikuwajutia. Huko chini nilimkuta Mzee Sudi, mzaliwa wa Ujiji, mfupi, mwenye kofia ya kiua ambayo sijawahi kuona akiivua shimoni, na ambayo kwa namna asiyonifundisha haikupata doa. Alinipa koleo. Nilikaa naye miaka kumi na moja. Mama yangu alipopata habari alisema upepo umepata shimo la kuingilia.

Somo lake la kwanza halikuwa koleo. Lilikuwa mshumaa. Shimo lolote lililofunikwa kwa siku kadhaa, alinionyesha, unateremsha mshumaa unaowaka ndani ya kopo lenye kamba. Ukizimika, huko chini hewa ni mbaya na mtu haingii. "Mshumaa ukizimika," alisema, "wewe usiende kuuwasha." Hapa msicheke. Mengine yote nitakayoandika mnaweza kuyacheka.

Vifaa vyake vilitosha kwenye gunia moja: sururu, koleo, kapi la kupandishia ndoo, na timazi ambalo lilikuwa nati nene ya reli iliyofungwa uzi. Kilichonichanganya akili ni mpira. Mpira mwembamba tu, unaoonyesha ndani, wenye maji nusu. Mzee Sudi alishika ncha moja upande wake wa shimo, mimi nyingine upande wangu, na maji yakasimama kimo kilekile huku na kule bila mtu kuyaambia. Nikapandisha mkono, yakajirekebisha. Nikashusha, yakajirekebisha. Nilifanya hivyo asubuhi nzima.

"Mzee, yanajua!" nikapiga kelele. "Maji yanajua!"

"Yanajua tangu kabla hujazaliwa. Shika ncha yako, acha kuyatikisa."

Udongo wetu ni wa kichuguu, mnaujua. Unasokota kamba nyembamba, unaizungusha kidoleni kama pete. Ikipasuka, udongo huo mpe jirani apigie matofali. Isipopasuka, unakwenda kwenye chupa: kata kitako, ziba mdomo kwa udongo unene wa kidole gumba, jaza maji, ining'inize. Kesho yake kusiwe na hata tone chini. Nyumbani kwa Mzee Sudi chupa zilining'inia kwenye kila boriti, na kuna watu waliokuja kutuomba dawa ya mapenzi. Mzee Sudi aliwaambia dawa bado inachujwa.

Halafu ndipo miguu inapoingia. Udongo unatandazwa unene wa kiganja, unamwagiwa maji, unakanyagwa. Unakanyagwa mpaka kisigino kisizame tena na mlio ubadilike. Mwanzoni unalia chwapu, chwapu. Ukiiva unalia pwa, kama kofi kwenye paja la mtoto mnene. Tabaka la kwanza, la pili, la tatu, na katikati ya matabaka jua lisiupate, maana udongo uliokauka hupasuka, na tangi lililopasuka ni chujio kubwa tu. Kanuni ni hiyo. Mtu yeyote anaweza kuikariri kwa siku moja. Mimi niliikariri, na bado nilikosea Kidahwe.

Si maji tu tuliyoyaweka chini. Mfanyabiashara mmoja wa mawese alitaka mapipa yake yafukiwe ardhini, mdomo tu ubaki juu, ili mafuta yasipigwe na jua. Tukayafukia vizuri, kwa timazi. Ikaja miezi ya baridi, ardhi ikapoa, mawese yakaganda kama sabuni ndani ya mapipa. Yule bwana akaja Ujiji na teksi, ana mwiko mkononi. "Mzee Sudi, mafuta yangu hayatoki!" Mzee Sudi akamtazama kwa upole. "Ulisema yahifadhiwe. Umeona mtu amekuibia?" Tulishinda siku mbili tunachota kwa koleo safi na kuyeyusha kwenye masufuria, na mimi nilirudi nyumbani na nywele zinazong'aa kuliko za bibi harusi.

Mzee Sudi alipozeeka akakaa nyumbani, akawa ananifundisha kwa simu. Mimi nikawa fundi. Nikakusanya wanaume wanne wenye mabega, nikazunguka nao vilimani. Na hapo ndipo alipokuja Jofrey.

Jofrey alikuwa dereva wa bodaboda. Alikuja kwangu na shati lililopigwa pasi na uso uliokunjamana.

"Mama fundi, nimekataliwa."

"Pole. Mimi lakini si mshenga."

"Nimekataliwa kwa sababu ya maji."

Nikamvutia kigoda haraka sana. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniletea habari tamu namna hiyo.

Mchumba wake aliitwa Efrasia, wa Kidahwe, mtoto wa mwisho, wengine wote walikwisha ondoka. Mama yake alikuwa na nyonga mbovu, anatembea kwa fimbo. Mto uko bondeni, nyumba iko mgongoni mwa kilima, na kila tone la maji lililoingia nyumba ile lilipanda kilima kichwani kwa Efrasia. Basi washenga walipokwenda kupanga siku, alitoka chumbani, akasalimia vizuri, akasema, "Siku mama yangu atakapochota maji hapahapa uani, siku hiyo naondoka. Kabla ya hapo msinipimie gauni." Washenga wakacheka, wakidhani ni maringo ya wasichana. Yeye hakucheka. Jofrey alikuwa amekwisha kwenda mara tatu kumbembeleza, na mara zote tatu alikabidhiwa dumu tupu, akaambiwa ajaze kabla ya kuondoka.

"Utaweza?" aliniuliza.

"Harusi lini?"

"Padri ametupa Jumamosi ya mwisho kabla ya mvua."

Zilikuwa wiki tatu. Nikasema naweza. Mimi husema naweza kwanza, halafu ndiyo nahesabu.

Uani kwa Mama Efrasia tulichimba shimo la hatua nane kwa nane, kina cha kifua, kuta zimelala kama za beseni ili mtu aweze kuzikanyaga. Mama mwenyewe alikaa mlangoni na fimbo yake akitusimamia, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, fundi. Hilo kaburi ni la nani?"

"La kiu yako, mama."

"Mh. Huyu mtoto ananifanya kisingizio. Mimi maji nachota mwenyewe."

"Jana ulichota?"

"Jana nilikuwa na wageni."

Efrasia alipita nyuma yetu na dumu la lita ishirini kichwani, akachungulia shimo kama mtu anayechungulia chungu cha jirani. Nilimpenda palepale. Alikuwa na macho ya mtu asiyedanganyika kwa rangi ya nje.

Kuta tulizikanda wenyewe, zikaiva. Ilibaki sakafu, na sakafu ile ilikuwa pana mno kwa miguu kumi. Kwa hiyo nikapatana na jirani mwenye ng'ombe saba awalete Alhamisi. Miguu ishirini na minane yenye uzito! Asubuhi ya Alhamisi tukatandaza udongo wa sakafu, tukaumwagia maji, ukawa unameta. Saa sita ng'ombe wakatokea. Walikuwa wanachuruzika na kunuka dawa mpaka macho yaliniwasha.

"Wametoka wapi hawa?"

"Josho," jirani akasema kwa fahari. "Nimewapeleka leo ili waje wasafi."

"Wana dawa ya kupe mpaka kwenye kwato! Maji ya humu yatanywewa na watu!"

"Basi watu nao hawatapata kupe."

Ng'ombe wakarudishwa. Jua liko utosini. Tukaruka ndani sisi watano, tukakanyaga kama wendawazimu, na huku tunakanyaga pembe hii, pembe ile ya kule inaanza kupauka. Udongo ukipauka mnajua kinachofuata. Nikaona Jumamosi inapasuka machoni pangu.

Ndipo nikasikia ngoma.

Ilikuwa siku ya kumuaga bibi harusi, sendofu kama mnavyoiita mjini, na wageni walikuwa wanapanda kilima: mashangazi, binamu, kwaya nzima, na mbele yao Mzee Ntamba na ngoma yake kubwa begani. Mzee Ntamba alikuwa amepiga ngoma katika kila harusi ya upande ule tangu watu wanaooza watoto sasa walipokuwa wanazaliwa. Na kila mgeni alikuwa na dumu la maji, maana Jofrey aliwaomba badala ya zawadi walete maji ya kufungulia tangi. Nilihesabu miguu. Nilipofika themanini nikaacha. Nikapanda ngazi mbiombio mpaka mlangoni.

"Mama Efrasia, wageni wako wakicheza hukanyaga kwa nguvu?"

"Sisi Waha? Ulitaka tucheze kwa nyusi?"

"Naomba wachezee shimoni."

Alinitazama. Akatazama shimo. Akatazama mashangazi waliovaa vitenge vipya. Kisha akapiga fimbo chini na kuita kwa sauti ambayo nyonga yake haikuihusu, "Vueni viatu! Ngoma iko chini!"

Shangazi mkubwa ndiye aliyetangulia, kitenge ameshakipandisha magotini, akisema kwamba amesubiri tangu utoto mtu amruhusu kuchezea matope. Wengine wakamfuata. Mzee Ntamba akasimama ukingoni na ngoma yake.

"Mimi nikae wapi, fundi?"

Na mimi, nilivyokuwa nimelewa furaha, nikanyoosha kidole. "Katikati, babu! Wote wakuzunguke!"

Wanangu, sijui niwaeleze vipi mchana ule. Mzee Ntamba akakaa katikati na kigoda na ngoma yake, watu wakamzunguka duara tatu, na kilima kikaanza kutetemeka. Mnajua kukanyaga kwetu, mguu unapanda mpaka goti linatazama mbingu halafu unashuka kama mchi. Chwapu! Chwapu! Matope yakaruka mpaka kwenye masikio ya kwaya. Efrasia, ambaye kwa desturi alitakiwa akae ndani ameinamisha uso, alikuwa dirishani ameng'ang'ania nondo akipiga kelele, "Pembeni kule! Wa pembeni mnadanganya!" Na wa pembeni wakaongeza. Kufikia saa kumi mlio ukabadilika. Pwa! Pwa! Pwa! Nikalia machozi. Tukamimina madumu yote, maji yakafika magotini, nikachomeka kijiti chenye alama usawa wa maji, na pembeni nikaweka ndoo ya maji yenye alama yake. Ndoo haivuji. Asubuhi ukikuta ndoo na tangi vimepungua sawasawa, ni hewa imekunywa. Tangi likipungua peke yake, ni ardhi.

Ijumaa asubuhi ndoo ilikuwa palepale. Tangi lilikuwa limeshuka vidole vinne.

Efrasia alikuja na mtandio wake, akainama, akatazama kijiti, akatazama ndoo. Nilikuwa nimemweleza jana kazi ya ndoo, kwa hiyo hakuniuliza kitu. Aliingia ndani, akatoka na dumu, akashika njia ya mtoni. Jofrey alikaa chini kwenye lundo la udongo kana kwamba mtu amemkata kamba.

"Fundi," akasema Mama Efrasia, "binti yangu umemkosesha mume, na mimi umenipatia bwawa la vyura."

Nikampigia simu Mzee Sudi. Nikamweleza udongo, chupa, kuta, matabaka, nikamweleza na ngoma. Kisha akasema, "Unalitazama tangi kwa macho?"

"Ndiyo, mzee."

"Macho yaache huko juu. Shuka na nyayo."

Nikavua viatu, nikaingia majini. Nikaanza ukutani, nikazunguka polepole, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Kugumu kama sinia. Duara la pili, kugumu. Duara la tatu, kugumu, na nikawa nakaribia kukata tamaa, maana sakafu nzuri namna ile sijawahi kuikanyaga. Nikapiga hatua moja zaidi, mguu ukazama mpaka kifundoni.

Nikapapasa. Palikuwa na mviringo, laini kama ugali wa mgonjwa, upana wa ngoma. Na nyuma yake vishimo vitatu vya miguu ya kigoda.

Nilikaa palepale majini nikacheka. Nilicheka mpaka Jofrey akaja mbio akidhani nimepatwa na kitu. "Ngoma!" nikamwambia. "Miguu themanini imekanyaga kila mahali isipokuwa chini ya ngoma!"

Jofrey akawasha pikipiki, akarudi na Mzee Ntamba nyuma yake, mzee amekasirika.

"Nasikia unasema ngoma yangu inavuja," alisema kabla hajashuka. "Ngoma yangu haijawahi kuvuja."

Nikamweleza. Mashangazi walikuwa wamekwisha kusanyika, maana habari mbaya hupanda kilima bila kupumzika. Tukachota maji tukayaweka kwenye kila chombo cha mtaa. Tukang'oa ule udongo laini mpaka chini, nikatandaza mpya, nikaumwagia maji. Nilikuwa nataka kuingia mwenyewe, lakini shangazi mkubwa akanishika mkono.

"Hapana. Babu Ntamba, ulipokalia, pakanyage."

"Mimi hupiga. Sichezi."

"Hujawahi kucheza?"

"Nani angepiga?"

Ilikuwa kweli. Harusi zote zile, na mzee wa watu alikuwa hajapata kucheza hata moja. Mama Efrasia akavuta fimbo yake mpaka ukingoni, akageuza ndoo tupu, akakaa, na akaanza kuipiga kwa fimbo. Hakuwa mpigaji. Alipiga kama mtu anayefukuza kuku. Mashangazi wakaingiza makofi. Mzee Ntamba akavua viatu, akakunja suruali, akashuka akinung'unika kwamba hicho si kipigo, hicho ni kelele.

Tabaka la kwanza alikanyaga kama mtu anayezima kijinga cha moto. Tabaka la pili bega likaingia. Tabaka la tatu, wanangu! Mikono ikapaa kama mabawa ya korongo, goti likatazama mbingu, na mzee akawa anajiimbia mwenyewe nyimbo ambazo mashangazi hawakuwa wamezisikia tangu utoto wao. Udongo ukaiva, nikapiga kelele inatosha. Akasema haitoshi. Ukaiva tena. Tulimtoa kwa kumshika kwapa, Jofrey upande huu na mimi upande ule, miguu bado inapiga hewa.

Efrasia alikuwa amerudi mtoni. Alisimama na dumu lake kichwani, akamtazama Mzee Ntamba anavyotolewa, halafu akalimimina lile dumu ndani ya tangi. Tukarudisha maji yote. Nikachomeka kijiti.

Jumamosi asubuhi gari la kumchukua bibi harusi lilikuwa limesimama barabarani linapiga honi. Efrasia akatoka na gauni jeupe, amelikusanya mkononi, miguuni kandambili. Akapita mashangazi, akapita mpiga picha, akaja shimoni. Mimi nilikuwa pale tangu alfajiri na sikuwa nimethubutu kuinama. Akainama yeye. Akatazama kijiti muda mrefu. Akatazama ndoo. Akarudi kwenye kijiti.

"Limepungua unywele," alisema.

Jofrey hakuwepo, alikuwa kanisani kwa desturi, na nashukuru, maana angezimia.

"Na ndoo?" nikauliza.

"Na ndoo unywele."

Hakusogea. Alikuwa anaelewa vizuri kabisa maana yake, na bado alisimama palepale, gauni mkononi, honi inalia. Ndipo nikatambua kwamba safari hii haikuwa habari ya tangi. Mama yake naye akatambua. Alikuja polepole na kata ya kuchotea, akamsukuma kidogo kwa kiwiko.

"Ondoka hapo ukingoni," alimwambia. "Unanizuia kuchota maji yangu."

Akachota. Akanywa yote akiwa amesimama, akajifuta mdomo kwa kanga, akasema yana ladha ya miguu ya ukoo mzima. Efrasia akacheka na kulia pamoja, akavaa viatu vya harusi, akaondoka. Mvua ya kwanza ilinyesha baada ya siku chache, mfereji wa bati ukaimba, na tangi lile, ambalo tuliliezeka kwa mabati, lina maji mpaka leo. Mama Efrasia yupo. Kila nikimpigia simu analalamikia ladha. Mzee Ntamba, kabla hajatuacha, alimpa mjukuu wake ngoma na hakuishika tena. Kwenye harusi alikuwa wa kwanza kuingia uwanjani na ilibidi atolewe kwa nguvu.

Niliporudi Ujiji nilimsimulia Mzee Sudi. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, mara ya kwanza nakiona kichwa chake. Kisha akaniagiza nikatafute rangi nyekundu.

Ninyi mlijua haya yote, au nusu yake, wajanja ninyi. Maana mwezi uliopita mliponiita kunikaribisha kwenye tangi langu la mwisho hapo Buzebazeba, nilikuta udongo umetandazwa, ngoma iko nje kabisa, juu ukingoni kama sharti linavyosema, na watu wote mmejipanga pembezoni mwa shimo. Katikati mmepaacha wazi, laini, panameta. Mkaanza kupiga makofi mkinitazama. Nikawaambia magoti yamekataa. Mkasema hamjayauliza magoti.

Nikavua viatu. Palikuwa chwapu. Sikutoka mpaka palipokuwa pwa.